Meno ya Chuma

Doha, Ijumaa 10 Februari 2012

Dada Peninah,

Naipeleka barua hii posta kwa mkono wangu kwa sababu michoro iliyo ndani haiwezi kuelezwa kwa simu. Isitoshe, Baba akishika simu siku hizi hasikii kitu. Miaka arobaini ya kelele za mawe ya kinu imemmalizia masikio. Basi tuandikiane kama zamani.

Baba aliniambia katika barua yake ya Krismasi kwamba umeanza kugeuza kinu cha Babu kuwa nyumba ya wageni. Wazo si baya. Tangu kisiagi cha dizeli kifunguliwe sokoni, nani bado anashuka mtoni na gunia kichwani? Lakini nimesikia jinsi unavyofanya. Vitanda vinne huko juu darini, sakafu ileile, giza lilelile, vumbi lilelile la unga. Dada, mgeni hatoki Nairobi kuja kulala ghalani.

Hapa ninapofanya kazi, kwenye mkahawa mmoja huku Pearl, kisiwa cha matajiri, kuna gurudumu la maji refu kuliko nyumba yetu. Watu wanatoka mjini kulipiga picha tu. Taa ziko chini ya maji, kila kitu kinang'aa, hakuna grisi, hakuna kelele. Mimi ndiye msimamizi wa mitambo. Kwa hiyo nikisema neno kuhusu gurudumu, ujue limetoka kwa mtu anayelishika kila siku.

Michoro inaeleza yote. Ukuta wa upande wa mto uvunjwe kuanzia sakafu mpaka paa, tuweke kioo, mgeni ale huku akiliona gurudumu likizunguka. Lile sanduku kubwa la nafaka litolewe, linakula nafasi. Na kabla ya hayo yote, meno ya mbao yaondoke kwenye gia. Meno ya mbao, mwaka huu wa 2012! Nilimweleza mhandisi mmoja hapa akacheka mpaka akavua miwani. Nitatengenezesha ya chuma.

Usipake rangi wala kuweka mlango kabla hatujakubaliana.

Nduguyo,
Henry


Kijijini Hamisi, 4 Machi 2012

Henry,

Michoro nimeiona. Ni mizuri. Umechora mpaka glasi za divai mezani, na sisi ni watu wa Kanisa la Marafiki, tusiogusa pombe. Kitu kimoja hukuchora: mhimili.

Acha nikukumbushe nyumba uliyokulia. Ukuta wa upande wa mto una unene wa futi tatu, na si kwa sababu Babu alipenda mawe. Gurudumu liko nje, na mhimili wake umelala ndani ya ukuta huo, juu ya jiwe moja ambalo wanaume kumi na wawili walilivuta kutoka kilimani mwaka wa 1936. Mhimili unapita ukutani, unaingia kwenye shimo la gia. Pale gurudumu kubwa la meno ya mbao linazungusha lile dogo la chuma, na lile dogo ndilo linalozungusha jiwe la juu kwenye ghorofa ya kati. Hakuna kitu humo kilichowekwa kwa urembo. Ukivunja ukuta ukaweka kioo, gurudumu litaingia ndani likae mezani na wageni wako.

Sanduku la nafaka halitoki. Ndilo linalolisha mawe. Wageni wangu wanakunywa uji wa wimbi uliosagwa mbele ya macho yao, na hilo ndilo linalowaleta. Hawaji kuangalia taa.

Sasa meno. Babu hakukosa chuma. Gia ndogo ni ya chuma, wewe mwenyewe uliwahi kuipaka grisi. Alichagua mbao ya mzeituni-mwitu kwa kusudi. Kitu kikikwama, jino la mbao linavunjika, gurudumu linazunguka bure, unafunga maji, unachonga jino jingine, na siku inaendelea. Baba amechonga mangapi mbele yako? Huyo mhandisi wako mwambie acheke tena.

Unaniambia nisipake rangi. Nimetoa tope la miaka kumi mferejini kwa jembe. Nimekwangua unga uliogandamana kwenye boriti tangu Babu akiwa hai, kwa kisu cha jikoni, nikakohoa wiki mbili. Katika kurasa zako nne hukuuliza hata mara moja kifua changu kiko aje. Rangi nimekwisha kupaka.

Peninah


Doha, Ijumaa 30 Machi 2012

Dada Peninah,

Usinifundishe kinu. Nilikuwa nikilala juu ya yale magunia wewe ukiwa kwa mumeo.

Na kwa kuwa umeamua tuongee wazi, tuongee wazi. Wewe uliolewa Bunyore. Ukarudi na sanduku moja, na hakuna mtu katika boma lile aliyekuuliza swali. Baba alikupa chumba. Mimi sikusema neno, ingawa mimi ndiye mwana wa kiume pekee. Lakini kupewa chumba si kupewa kinu. Mkataba wangu utaisha, nitarudi, na nitakapofika nataka nikute mahali pa mtu wa karne hii, si jumba la makumbusho la dada yangu.

Umenijibu kuhusu ukuta kama mwalimu wa darasa la tatu. Sawa. Mimi nitajibu kwa vitendo. Meno yako tayari. Yamechongwa kwenye karakana ya kisasa, vipande thelathini na sita, kila kimoja nusu kilo, sawasawa kama mapacha. Nick, rafiki yangu wa kutoka Kakamega ambaye tunasali naye kanisani Mesaimeer, anakuja likizo Aprili. Ameacha mablanketi ya dada zake ili abebe chuma changu. Atakikabidhi kwa Baba, si kwako.

Hukuuliza kifua changu pia. Huku ni vumbi tangu asubuhi.

Henry


Hamisi, 3 Juni 2012

Henry,

Nick alifika, kijana mpole, akala ugali akalala chumba namba mbili, akasema hajawahi kulala usingizi mtamu kama ule.

Baba aliyapanga meno yako mezani kama mahindi ya mbegu. Akaita majirani. Akaita mpaka pasta. Kila aliyeingia alipewa jino moja alipime uzito mkononi. Kisha akashuka shimoni na kung'oa meno ya Babu, moja baada ya jingine, akayafunga yako. Ilimchukua siku nne na hakutaka mtu amsaidie.

Tuliongea mimi na yeye, Baba Mdogo Joram akiwa shahidi. Meno yameingia. Ukuta hautaguswa, wala leo wala siku utakayorudi. Hayo ndiyo makubaliano na usiniulize zaidi.

Kuhusu sanduku nililorudi nalo kutoka Bunyore, sitakujibu kwa karatasi. Nitakujibu nikikuona usoni.

Peninah


Doha, Ijumaa 27 Julai 2012

Dada yangu,

Leo nakuandikia kwa moyo mweupe. Nimepata barua ya Baba. Anasema gurudumu linaimba. Anasema amesimama kanisani Jumapili akatoa ushuhuda kuhusu mwanawe. Nimeisoma mara tatu, nikamsomea hata Athumani, dereva kutoka Tanga anayelala kitanda cha juu yangu, akaniambia, "Huyo mzee wako anakupenda, bwana."

Ni Ramadhani na mchana mkahawa umefungwa. Joto limefika nyuzi arobaini na sita. Ukishika kitasa cha mlango unaruka. Lakini nina furaha. Unaona sasa? Ulikuwa unaogopa kitu gani? Chuma kimeingia, kinu kinasaga, na hakuna aliyekufa.

Sikuzuii kuringa na ukuta wako. Niletee tu picha ya gia ikizunguka. Wenzangu hapa wanataka kuiona. Na ukubali, hata kwa mstari mmoja: mdogo wako alikuwa sahihi.

Henry


Hamisi, 9 Septemba 2012

Henry,

Kinu kimesimama kwa muda. Picha hakuna. Usitume kitu kingine chochote.

Baba anakusalimu.

Peninah


Doha, Ijumaa 26 Oktoba 2012

Peninah,

Leo ni Idi. Wenzangu Waislamu wamevaa kanzu na wamechinja, sisi wengine tumepewa mapumziko ya nusu siku, na nusu siku yangu naitumia kukasirika.

Mistari mitatu! Nilikuandikia ukurasa mzima wa furaha ukanijibu kama karani wa posta. "Kinu kimesimama kwa muda." Kimesimama kwa nini? Nani amekisimamisha? Nakwambia mimi ninachokiona. Kinu kilianza kuimba kwa kazi ya mikono yangu, watu wakaanza kulitaja jina langu kanisani, na wewe ukashindwa kulala. Umefunga maji. Umeyang'oa meno yangu ukarudisha vijiti vya Babu, na sasa unamwambia Baba nini? Kwamba Henry ameharibu?

Na Baba yuko wapi? Tangu nije hapa mwaka 2009 hakuna mwezi uliopita bila barua yake. Mwandiko ule naujua hata gizani, herufi zimelala upande kama nyasi zilizopigwa na upepo. Agosti hakuna. Septemba hakuna. Oktoba inaisha. Nikipiga simu unapokea wewe, unasema, "Yuko salama, amelala." Mzee halali saa tisa mchana, Peninah! Ama barua zake unazichoma, ama umemkataza kuandika.

Nakupa mpaka mwisho wa Novemba. Nisipopata barua yenye mwandiko wa Baba, nitamwandikia Baba Mdogo Joram na wazee wote wa ukoo, wakae wakuulize kwa haki gani mwanamke aliyeachika amekalia mali ya boma. Nimevumilia vya kutosha.

Henry


Hamisi, 25 Novemba 2012

Henry,

Umetaka ukweli. Keti chini.

Jumamosi tarehe 18 Agosti tulikuwa na wageni tisa, walimu kutoka Kisumu. Baba alivaa koti lake jeusi. Alifungua maji mwenyewe, kisha akapanda kwenye ghorofa ya mawe, akaweka mkono wa kulia pale unga unapotokea, kuupima kwa kidole gumba kama umelainika. Unakumbuka anavyofanya, anafumba macho. Alikuwa anawaambia walimu, "Meno yanayosaga unga huu yametengenezwa na mwanangu, Arabuni." Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoyasema akiwa na mikono miwili mizima.

Jino lako moja lilichomoka. Mbao hunywa unyevu, ikavimba, ikajikaza yenyewe ndani ya tundu lake. Chuma hakinywi kitu. Lilichomoka likaanguka katikati ya gia kubwa na ile ndogo, na maji yote ya mto yakaendelea kusukuma. Kitu fulani lazima kingevunjika, Henry. Meno yako hayakuvunjika. Yalikuwa bora kama ulivyosema. Kilichovunjika ni chuma kinacholishika jiwe la juu. Jiwe liliruka, kilo mia saba, likapasua kifuniko chake, likaubana mkono wa Baba kwenye nguzo.

Mimi nilikuwa jikoni. Nyumba ilitikisika nikadhani ni radi. Nilipofika, mwalimu mmoja alikuwa ameanguka chini amezimia, na Baba amesimama wima, hajalia, uso wake umekuwa rangi ya majivu. Akaniambia, "Funga maji, Peninah. Funga maji kwanza."

Nikakimbia nikafunga. Walimu walilisukuma jiwe kwa boriti. Tulimfikisha hospitalini saa nane. Daktari alitazama dakika mbili, akasema kiganja hakiokoleki. Walikikata kwenye kifundo.

Alipozinduka kitu cha kwanza aliniapisha. "Usimwambie Henry. Ana kazi nzuri, ni msimamizi. Akisikia ataiacha aje hapa kwa ajili ya mkono wa mzee." Nikaapa. Miezi mitatu nimemlisha kwa kijiko, nimemfunga vifungo vya shati, nimepokea simu zako nikasema amelala. Usiku sikulala, mchana nilitabasamu mbele ya wageni. Kisha inakuja barua yako kwamba ninachoma barua zake.

Unataka mwandiko wa Baba? Tuliuzika kando ya migomba, umefungwa kwa kitambaa.

Waandikie wazee. Waite wote. Mimi mwenyewe nitawapikia chai, na baada ya chai nitawapeleka wakaone nguzo. Damu imeingia ndani ya mbao, nimeisugua kwa mchanga na sabuni na haitoki. Meno yako thelathini na matano bado yako shimoni, mazima kabisa. Hayajapata hata mkwaruzo.

Nimevunja kiapo. Baba hajui kwamba nimekuandikia. Sijutii.

Peninah


Doha, Ijumaa 14 Desemba 2012

Dada,

Nimeanza barua hii mara sita.

Mimi si msimamizi wa mitambo. Ninasafisha bwawa la mkahawa. Ninaingia majini na viatu vya mpira, naokota tishu na vipande vya sigara kwa wavu. Lile gurudumu ninalojivunia ni la plastiki iliyopakwa rangi ifanane na mbao. Maji hayalisukumi; kuna mota imefichwa ukutani, gurudumu ndilo linalosukuma maji. Siruhusiwi kugusa hata swichi. Miaka mitatu nimekuwa nikiwadanganya, kwanza kidogo tu, nikasema niko upande wa mitambo, kisha Baba akaandika kwamba amewaambia watu, na nikashindwa kurudi nyuma.

Hakuna mhandisi aliyecheka. Sijawahi kuongea na mhandisi.

Meno niliyatengenezesha Sanaiya, kule kwenye magereji. Athumani alinipeleka siku yake ya mapumziko. Fundi alikuwa Mpakistani mzee, mikono yote nyeusi. Nilikuwa na jino moja la mbao nililoondoka nalo nyumbani, nikampa alifuatishe. Aliligeuza na kuligeuza, akalinusa, kisha akasema maneno mengi. Athumani anajua Kihindi kidogo, akanifasiria: "Anauliza, hii mashine yako inatakiwa ivunjike wapi?"

Nikamwambia, "Mwambie isivunjike popote."

Fundi akatikisa kichwa, akaongea tena. Athumani akasema, "Bwana Henry, huyu mtu anasema kila mashine ina mahali pake pa kuvunjika. Ukiziba hapo, itajitafutia pengine. Una uhakika?" Nikakasirika. Nikamwambia Athumani sikumleta kuja kunihoji, afasiri tu. Akafasiri. Fundi akainua mabega akawasha mashine yake.

Kwa hiyo niliambiwa mara mbili. Na wewe uliniambia kwa barua, na fundi aliniambia kwa mdomo. Usidhani sijui.

Nilienda ofisini kuomba ruhusa ya kurudi. Yule karani wa kampuni hakuinua hata macho. Pasipoti yangu iko kabatini mwao, mkataba unaisha Juni, na bila karatasi yao hawanipitishi uwanja wa ndege. Nikamwambia baba yangu amekatwa mkono. Akauliza, "Amekufa?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi Juni." Nilipiga meza yake kwa ngumi mpaka walinzi wakaja. Wamenikata mapumziko ya Ijumaa kwa mwezi mzima. Barua hii atakutumia Nick.

Maneno niliyoandika kuhusu Bunyore na sanduku, sina njia ya kuyafuta. Lakini nina swali, Dada, na ninaliuliza kwa hasira kwa sababu sina namna nyingine iliyobaki. Wewe ulijua. Uliniandikia Machi sababu yote ya meno ya mbao, neno kwa neno. Ulisimama imara juu ya ukuta kama simba. Kwa nini uliyakubali meno? Kwa nini hukuyatupa mtoni siku Nick alipoyaleta?

Henry


Hamisi, 20 Januari 2013

Henry na Peninah,

Naandika barua moja kwa ajili yenu wawili. Peninah ataisoma kwanza, kisha ataitia kwenye bahasha mwenyewe. Tunaishi nyumba moja naye lakini tangu barua yako ya mwisho ifike anaongea na masufuria tu. Herufi ndogo sizioni tena, nikamwomba anisomee alichoandikiwa na nakala za alichoandika. Alikataa. Nikampata Joram akanisomea kwa sauti kubwa karibu na sikio, kila kitu, mpaka yale ya sanduku.

Nimekasirika. Nataka mlijue hilo kabla ya jambo lingine. Mnaugombania mkono wangu kana kwamba ulikuwa wenu.

Henry, unamuuliza dada yako kwa nini aliyakubali meno. Hakuyakubali. Alilia. Alisimama mlangoni pa shimo akasema hataniachia nipite. Mimi ndiye niliyemwambia: chagua, ukuta au meno, kwa sababu kitu kimoja cha ndugu yako lazima kiwemo ndani ya nyumba hii. Nilijua atauchagua ukuta. Ukianguka ukuta, imeanguka nyumba. Nilimlazimisha, kisha nikamwacha akuandikie kana kwamba ni mapatano.

Peninah, wewe unadhani jino lilichomoka ghafla. Halikuchomoka ghafla. Jino la kumi na saba lilikuwa linacheza tangu wiki ya pili. Kila asubuhi nilishuka na nyundo nikaligongea kabla hujaamka, na nikakuambia ninapaka grisi. Nilikuwa nimekwisha kusimama kanisani na kumsifu mwanangu. Ningesimama tena niseme nini? Basi nikagonga. Asubuhi ile ya walimu nilichelewa kuvaa koti, nikasahau kugonga.

Baba yangu alinifundisha sababu ya mbao nikiwa sijaota ndevu. Nilijua kuliko nyote wawili. Kwa hiyo atakayeuliza ni nani aliyeukata mkono wa Silvesta, aje aniulize mimi, na mwache kuulizana ninyi kwa ninyi.

Henry, kuokota tishu majini ni kazi. Nisingeona haya. Niliona haya Joram aliponisomea, kwa sababu nimewaambia watu wa Mungu uongo kwa kinywa changu, na wewe ndiwe uliyeutia humo. Hilo nimekasirika nalo bado na sijui litaniisha lini.

Sasa sikilizeni yaliyofanyika. Desemba Peninah na Benard seremala wamechonga meno thelathini na sita ya mzeituni-mwitu. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikasema hapana, hapana, ndiyo. Chuma kilichoshika jiwe kimeyeyushwa na kumwagwa upya Kisumu. Tarehe 12 mwezi huu tumefungua maji. Wageni walikuwa watatu. Walikunywa uji.

Jumatano iliyopita nilikwenda kwa chifu na Joram. Kinu, mfereji, na ardhi mpaka kwenye mto ni mali ya Peninah. Nimeweka kidole gumba cha kushoto. Usimwandikie Joram kumlalamikia. Joram ni shahidi. Shamba la juu ni lako, na nyumba yako utaijenga huko. Kama unataka kazi kinuni utamwomba dada yako, na akikukubalia utaanza kwa kutoa tope mferejini, na hutagusa gia mpaka yeye aseme. Akikukataa, amekukataa.

Peninah, na wewe usifurahi sana. Uliapa kisha ukamwandikia mtu aliye mbali, asiyeweza kupanda ndege, jambo la kumuua. Ulikuwa na haki ya kumwambia. Hukuwa na haki ya kumwambia hivyo.

Mkono huu wa kushoto haujawahi kushika kalamu. Nimeanza tena kama mtoto wa chekechea, herufi kubwa, mistari inapanda mlima. Leo ni tarehe 23. Nilianza kuandika tarehe 20. Nimeharibu karatasi kumi na moja. Kwa hiyo, Henry, usinijibu kwa hasira ya dakika tano. Na wewe, Peninah, uliyesimama hapo nyuma ya kiti unasoma juu ya bega langu na kudhani sikusikii, keti.

Baba yenu,
Silvesta Amiani